Mara Ngapi Ametajwa Nzivo

Profesa Bwire, mkuu wa idara ya elimu ya nyota chuoni, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hana muda wa kuupamba ukweli. Aliigeuza kompyuta yake ili Wavinya aone, akaweka kidole kwenye kioo.

"Tazama mwenyewe, Daktari. Wavinya Ndirangu. Miaka yote hii ya kazi, kipimo chako ni tano. Kamati inataka nane. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, na mimi siwezi kuingia mle ndani na tano nikatoka na mkataba."

Kipimo chenyewe si kigumu, ingawa kimewanyima wasomi wengi usingizi. Mtafiti anaandika makala, watafiti wenzake duniani wanaisoma, na ikiwafaa wanaitaja katika makala zao. Ukiwa na makala nane, kila moja ikiwa imetajwa mara nane au zaidi, basi wewe ni nane. Ukiwa na makala mia zisizotajwa na mtu, wewe ni sifuri, hata kama umezeeka ukizitazama hizo nyota.

"Lakini ile makala ya kuchuja kelele, Profesa," Wavinya akasema. "Ile niliyoandika nikisomea shahada ya udaktari. Peke yake imetajwa zaidi ya mara mia tatu. Kila anayepokea mawimbi ya redio ya nyota anaitumia."

"Naijua. Hata mimi nimeitaja. Ila imeandikwa na W. Nzivo."

"W. Nzivo ni mimi!"

"Mimi najua ni wewe. Mfumo haujui."

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, tena halikuwa kosa la mjinga. Alipoolewa na Johnson alikwenda kubadilisha kitambulisho, akarudisha cha zamani kwa karani, akapewa kipya chenye jina la ukoo wa mume. Basi akadhani na kwa wasomi mambo ni hayo hayo. Akafungua ukurasa mpya wa makala zake kwa jina la Ndirangu, ule wa Nzivo akaupa mgongo. Johnson, ambaye ni karani wa mahakama pale Makadara, ndiye aliyekuwa amemwonya: "Mtu mmoja, kitambulisho kimoja. Ukiwa na viwili unashikwa." Kwa serikali ni kweli. Kwa watu wa nyota, kumbe, alikuwa amejizika akiwa hai.

"Kuunganisha kunawezekana," Profesa Bwire akasema. "Lakini kamati ilishaumwa na nyoka. Kuna bwana alituletea makala za mtu mwingine mwenye jina kama lake, tukampandisha cheo, tukaaibika. Sasa wanataka hati ya kiapo kwamba Nzivo na Ndirangu ni mtu mmoja. Yako wewe, na nyingine ya mtu anayekujua kwa majina yote mawili. Halafu uchague jina moja la kuandikia kuanzia leo. Ningekuwa wewe ningechagua lile linalojulikana."

Wavinya alishukuru, akatoka. Alikuwa nje ya mlango ndipo alipowaza vizuri jinsi hilo jina linalojulikana litakavyopokewa nyumbani kwake.

*

Wanaishi Makadara, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Wako wanne: Wavinya, Johnson, binti yao Eve ambaye ndio kwanza ameanza kusoma vitabu bila kusaidiwa, na Wakiuru, mamake Johnson. Johnson hulipa kodi. Karo ya Eve na chakula hutoka kwa mkataba wa Wavinya, na kila mtu mle ndani anajua, ingawa hakuna anayesema. Na juu ya hayo yote kulikuwa na jambo ambalo Wavinya hakuwa na wa kumweleza. Alikuwa mtu mzima, mama wa mtoto, na hakujua kufanya kazi nyingine yoyote. Hakutaka kujua, pia.

Jioni hiyo alimngoja Johnson amalize kula. Kwao alifundishwa kwamba mtu haambiwi neno zito akiwa na tonge mkononi.

"Hati ya kiapo tu?" Johnson akacheka. "Si ungesema mapema! Hizo nazipokea kila siku. Kuna watu wana majina manne, Mama Eve. Wakili Nabiswa anakuandikia, mimi naapa hapo hapo kwamba nakujua, imeisha hiyo."

"Asante, Baba Eve." Angeweza kunyamaza hapo. Hakunyamaza. "Kuna lingine. Wanataka jina moja la kuandikia. Itabidi liwe Nzivo."

Johnson aliiweka glasi ya maji mezani.

"Kwa nini lisiwe langu?"

"Kwa sababu Nzivo ndiye wanayemjua. Makala ya Nzivo ikitoka, watu wanaifungua. Ya Ndirangu inakaa tu."

"Inakaa tu."

"Sikusema kwa ubaya."

"Jina la baba yangu linakaa tu." Alisimama, akakaa tena. "Unajua ni wanawake gani huja pale mahakamani kurudisha majina ya baba zao? Walioachika. Mimi ndiye ninayezipokea hizo hati. Sasa Griffins, karani mwenzangu, akae mezani kwake asome ya bibi yangu? Griffins! Kufika saa nne Jogoo Road nzima imejua Johnson ameachwa."

"Lakini hatujaachana."

"Nitamweleza nani na nani?"

Wakiuru alikuwa kwenye kochi, anamsuka Eve. Alizivuta tu nywele kwa nguvu mpaka mtoto akamlilia nyanya yake, "Cucu, unaniumiza!"

Johnson hakulala na hasira yake kama watu wengine. Alichukua simu, akampigia Mugo, ndugu mdogo wa marehemu babake, akamwambia kuna neno la nyumba, aje Jumapili.

*

Mugo alikuja baada ya ibada, amevaa koti lake la kanisani, akaketi kwenye kiti cha kuangalia mlango. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, mtu wa sauti nzito, na tangu ndugu yake afe yeye ndiye aliyekata maneno ya familia. Wavinya akawamiminia chai. Ni kazi ngumu kumwandalia chai mtu aliyekuja kukuhukumu, lakini nani angeiandaa?

"Tuelezwe kwanza," Mugo akasema. "Mimi sikusoma sana. Huku kutajwa ni kitu gani?"

"Ni hivi, baba mdogo. Mtafiti wa mbali, labda India, labda Uholanzi, akifanya kazi yake anaandika: hapa nilifuata njia aliyoionyesha Nzivo. Basi hapo Nzivo ametajwa mara moja."

"Na kwa jumla ametajwa mara ngapi, huyo Nzivo?"

"Zaidi ya mia tano."

"Na Ndirangu?"

Angeweza kudanganya. Hakukuwa na mtu mle sebuleni wa kumshika. Lakini kazi yake ilikuwa kuchuja kelele ibaki kweli, na ulimi ulikuwa umeshazoea.

"Arobaini na kitu."

Mugo alimgeukia Johnson, akamtazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama kijana aliyebwagwa mweleka mbele ya wenzake. Na kuanzia hapo, jamani, hayakuwa tena mazungumzo ya nyota wala ya mkataba. Wanaume wawili waliokwisha kufa walikuwa wamepimwa, na wa nyumba hii ameshindwa.

"Huyo baba yako alikuwa akifanya kazi gani?" Mugo akauliza.

"Mchongaji. Alichonga twiga na vifaru, akawauzia watalii."

"Na nyota alizijua?"

"Hata. Alikufa akidhani nasomea mambo ya mvua."

"Sasa anatajwa mara mia tano kwa lipi?"

"Ndiyo nawaambia!" Wavinya akasema. "Si yeye anayetajwa. Nzivo hakuandika hata mstari mmoja. Na Ndirangu, Mungu amrehemu, hakuandika pia. Niliandika mimi. Mimi!"

"Usimpigie mzee kelele," Johnson akasema.

Wavinya aliona aibu, na aibu ilimkasirisha zaidi. Mugo yeye hakukasirika. Alipuliza chai yake, akaleta shauri kwa upole wa mtu anayejua neno la mwisho ni lake.

"Tusigombane. Andika yote mawili. Nzivo-Ndirangu. Si hata wabunge wa kike wanafanya hivyo?"

"Mfumo utaona huyo ni mtu wa tatu, baba mdogo. Naye hatakuwa ameandika hata makala moja."

"Basi mimi nimemaliza maarifa yangu," Mugo akasema. "Mke wa nyumba hii anabeba jina la nyumba hii. Wenzetu wa Ukambani wana desturi zao, sizikatai, lakini hapa ni hapa. Asipotaka, mlango uko wazi, hatujamfunga kamba. Johnson, wewe hutaapa kitu. Na hii chai haina sukari."

Daktari wa nyota akaenda jikoni kuleta sukari. Alipolishika kopo machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, yakatoka tena. Hakusikia Wakiuru akiingia nyuma yake.

"Hao wa mbali," mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini. "Hao India na wapi. Wanajua wewe ni mwanamke?"

"Hawajui, mama. Huwa naandika W peke yake. Wengi wakiniandikia huniita Bwana Nzivo."

Wakiuru hakuwa mtu wa kufariji. Alilichukua lile kopo mkononi mwake, akaenda kumtilia Mugo sukari mwenyewe.

*

Siku chache baadaye Wavinya alikwenda peke yake kwa Wakili Nabiswa, ambaye ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la dawa, ng'ambo ya mahakama. Johnson alikuwa amemwambia waziwazi asubuhi: hataapa, na wala asiombwe tena. Kamati ilikuwa inaketi kesho yake. Wavinya alikuwa ameamua kupeleka kiapo chake kimoja na kuwasihi wakubali hivyo hivyo, ingawa hakuna kamati aliyowahi kuisikia ikikubali nusu ya kitu.

Nabiswa alimjua, maana alimjua Johnson. Aliisoma hati yote, akakohoa.

"Na shahidi? Bwana yako yuko hapo ng'ambo tu. Nimwite?"

"Usimwite, tafadhali."

"Bila wa pili hii haina nguvu, mama. Nakwambia usije ukanilaumu."

"Najua. Tuape tu."

Alipokuwa amenyanyua Biblia, mlango ulisukumwa. Alikuwa Wakiuru, amefunga kitambaa chake cha kanisani, anahema kwa sababu ya ngazi. Nyuma yake, ngazi kadhaa chini, Johnson alikuwa akipanda mbio na faili bado kwapani. Mtu alikuwa ameshamwambia, "Mama yako ameingia kwa wakili," na haikuhitaji kuuliza kama ni Griffins.

"Mnatafuta anayemjua kwa majina yote mawili?" Wakiuru akamwambia Nabiswa. "Ni mimi. Alipoletwa nyumbani mara ya kwanza alisema anaitwa Wavinya wa Nzivo. Nikamuuliza, Mkamba anatafuta nini kwetu. Muulize kama nadanganya."

"Ni kweli," Wavinya akasema.

"Mama, twende nyumbani," Johnson akasema kutoka mlangoni. "Unaniaibisha mbele ya watu wa kazi. Baba mdogo alishakata hili neno."

"Mugo?"

Wakiuru aligeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na ofisi ile ilikuwa ndogo, lakini Nabiswa alirudi nyuma na kiti chake.

"Kile kibanda cha sokoni Gikomba anachouzia nguo, unafikiri alikijenga nani? Nilikijenga mimi. Nilishona sare za watoto wa shule mpaka macho yakaharibika, nikanunua mbao moja moja. Karatasi nikaiandikisha kwa jina la baba yako, kwa sababu nilikuwa mke wa nyumba na nyumba ina jina. Baba yako alipozikwa, Mugo alikuja na ile karatasi. Akaniambia, hii ni mali ya Ndirangu, na ndugu wa Ndirangu ni mimi."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ulikuwa mtoto. Halafu ukawa mkubwa, na ukampenda. Ningekuambia ili iwe nini?" Akakaza kitambaa chake kichwani. "Nilikwenda kwa chifu. Akaniuliza, ni nani ataapa kwamba kibanda ni chako? Hakuna aliyekuja, Johnson. Watu wote wa soko lile waliniona nikipigilia misumari, na hakuna hata mmoja aliyekuja."

Nabiswa akajitia kutafuta mhuri, ambao ulikuwa pale pale mbele yake.

"Haya, wakili," Wakiuru akasema. "Nishike wapi?"

Aliapa kwa Kiswahili cha taratibu, neno baada ya neno, akimfuata Nabiswa. Kwamba anamjua huyu. Kwamba Wavinya Nzivo na Wavinya Ndirangu ni mtu mmoja. Walipotoka, Johnson alikuwa amesharudi kazini kwake, hakuwangoja. Wavinya alitaka kumshika mama mkwe mkono, asijue kama ataruhusiwa. Akamshika. Wakiuru aliuacha mkono wake pale mpaka walipovuka barabara.

*

Kamati iliketi, ikasoma viapo, ikahesabu. Nzivo na Ndirangu pamoja walifika nane, bila hata kimoja cha ziada. Wakampa mkataba wa miaka mitatu. Profesa Bwire alimpigia simu mwenyewe, akasema hongera, akasema pia kwamba safari ijayo watataka kumi.

Nyumbani hakuna aliyechinja kuku. Mugo alikoma kuja, akatuma maneno kwamba nyumba ile sasa ni ya wanawake. Johnson alimwambia mkewe hongera siku hiyo ya kwanza, halafu akawa mtu wa salamu tu. Alikula, akamsaidia Eve na hesabu, akalala ameelekea ukutani. Hilo lilimuuma Wavinya kuliko kelele. Alikuwa amempenda mtu huyu kabla hajawa na makala hata moja, na bado alimpenda, na hakuna kiapo cha kupeleka kwa wakili kusema hivyo.

Ikapita wiki, zikapita nyingine. Jioni moja alikuwa mezani anamalizia makala mpya, ya kwanza tangu apewe mkataba, Wakiuru na Eve wakiwa kwa jirani. Johnson akaja, akavuta kiti, akaketi upande wa pili.

"Unajua siku hizi Griffins ananiita nani?"

"Nani?"

"Bwana Nzivo. 'Niaje, Bwana Nzivo, bibi amekuruhusu kuja job?' Mpaka askari wa getini."

"Pole, Baba Eve." Alimaanisha. Hakujua aongeze nini.

Johnson alikuja upande wake, akainama kutazama kioo. Alisoma kichwa cha habari ambacho hakukielewa, kisha jina chini yake.

"Hapa umeandika Wavinya lote. Si ulikuwa ukiandika W?"

"Nilichoka kuitwa bwana."

Kidogo acheke. Wavinya aliona.

"Na mimi?" Johnson akauliza. "Mimi ningekuwa wapi, kwa mfano?"

Wavinya aliishusha makala ukurasa kwa ukurasa, ikapita michoro, ikapita hesabu, mpaka mwisho kabisa, kabla ya orodha ya waliotajwa. Pale kulikuwa na aya fupi.

"Hapa ndipo watu hushukuriwa. Waliotuazima mitambo, waliosoma rasimu. Na watu wa nyumbani, kwa subira yao. Maprofesa wengi hapa huwaandika wake zao."

"Umeniandika?"

"Bado. Sikujua kama unataka."

Johnson akatafakari. Alikuwa karani, na karani huuliza maana ya kila mstari kabla ya kugonga mhuri.

"Na hawa wa hapa wanahesabiwa? Kwenye hicho kipimo?"

Wavinya alitamani mno kumwambia ndiyo.

"Hawahesabiwi," akasema. "Na huwa hakuna anayewasoma."

Johnson aliendelea kuitazama ile aya. Kulikuwa na jina moja tayari, peke yake: Wakiuru. Alilisoma, akalisoma tena, na Wavinya akasikia pumzi yake ikibadilika karibu na sikio lake.

"Basi niandike hapo," akasema. "Chini ya mama."